Kumfuata Babu wa Karne ya 19 Kabla ya Kuuliza Jina la Ukoo Limetoka Wapi

Anayetaka kujua asili ya jina la ukoo wake kwa kawaida huanza kwa kulitafuta jina lenyewe, naye hupata jibu upesi mno: kwamba jina hilo maana yake ni mhunzi, au mtu aliyeishi kando ya mto, na kwamba wenye jina hilo wana ngao yao ya kale, ambayo sasa inauzwa ikiwa imechapwa kwenye kikombe. Jibu kama hilo laweza kuwa sahihi kuhusu neno na lisiwe sahihi kuhusu ukoo. Smith la Kiingereza, Schmidt la Kijerumani, Lefebvre la Kifaransa, Kovács la Kihungari na Kowalski la Kipolandi yote yametokana na uhunzi, na kwa kuwa wahunzi walikuwa kila mahali, majina hayo yalizuka mara nyingi katika familia zisizohusiana hata kidogo. Ngao nazo, kwa utaratibu wa Uingereza, hupewa mtu na uzao wake, si watu wote wanaoitwa jina fulani. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume cha mazoea: unaanza na mtu, unamfuata hati kwa hati hadi mahali pa mwisho anapoonekana, na swali la jina unaliacha mpaka ijulikane ni jina la nani, la mahali gani na la mwaka gani.

Hatua ya kwanza: walio hai na vilivyomo nyumbani

Wahoji wazee kabla ya kufungua daftari lolote la serikali, kwa sababu hati zitakungoja lakini wazee hawatakungoja. Usiulize tu majina na tarehe, maana hayo ndiyo mambo ambayo kumbukumbu huyapoteza kwanza. Uliza nani alizikwa wapi, kwa nini familia ilihama, ni ndugu gani hawakuwa wakisemeshana na ni mtoto gani alilelewa na watu wengine. Andika maneno kama yalivyosemwa, hata yale unayoyaona kuwa ya makosa, na uandike pia msemaji alisikia kwa nani.

Kisha kusanya vyeti, barua, nishani za vita, picha (tazama nyuma yake, kwani jina la mpiga picha na mji wake ni ushahidi wa mahali) na vitabu vya dini ambamo watu waliandika vizazi vya watoto wao katika kurasa za mwanzo. Ukikuta kurasa kama hizo, linganisha wino na mwandiko. Ikiwa vizazi vya miaka 30 vimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, basi viliandikwa kwa siku moja kwa kukumbuka, na si kila mtoto alipozaliwa. Masimulizi ya ukoo yachukuliwe kama fununu. Mara nyingi kiini chake ni cha kweli lakini kimebandikwa kwa mtu wa kizazi kingine, na hadithi ya ndugu watatu waliokuja pamoja kwa meli husimuliwa katika familia nyingi mno kuweza kuaminiwa bila orodha ya abiria.

Hatua ya pili: rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuruka. Mtu humkuta mtu maarufu wa karne ya 19 mwenye jina lake, akaanza kushuka kutoka kwake ili ajifikie mwenyewe. Njia salama ni kupanda: kutoka kwako kwenda kwa mzazi, kwa babu, kwa baba wa babu, na kwa kila mmoja kutafuta kwanza kifo, kisha ndoa, kisha kuzaliwa, kwa maana kila hati hutoa taarifa inayofungua ile iliyotangulia.

Tuchukue mfano wa kubuni ambao tutaurudia: seremala wa Uingereza aliyefariki 1889 akiwa na umri wa miaka 57. Cheti cha kifo cha nchi hiyo, kwa zama hizo, hakitaji wazazi wa mtu mzima, lakini hutaja umri, kazi, mahali na mtu aliyetoa taarifa, ambaye mara nyingi ni mtoto au mjane. Umri wa miaka 57 unatupeleka 1831 au 1832. Tukipata ndoa yake ya 1856, cheti kinataja jina na kazi ya baba wa bwana harusi na ya baba wa bibi harusi. Hapo tunaye baba, au angalau tunalo jina ambalo bwana harusi mwenyewe alilitaja kuwa la babaye. Tofauti kati ya mambo hayo mawili itajitokeza baadaye.

Hatua ya tatu: jua kilichokuwa kinaandikwa, wapi, na tangu lini

Haifai kulaumu hifadhi ya nyaraka kwa kukosa hati ambayo haikuwahi kuandikwa. Huko Uingereza na Wales usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Scotland ilianza 1855, na vyeti vyake ni vya thamani kuliko vya majirani zake, kwa sababu hata cheti cha kifo hutaja baba na mama pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Ireland iliandikisha watu wote kuanzia 1864. Ufaransa ilikwisha kuuondoa usajili mikononi mwa kanisa mwaka 1792, ingawa anayesoma rejista zake za miaka ya mwanzo lazima ajifunze kalenda ya Jamhuri, iliyotumika rasmi hadi mwisho wa 1805. Kwa Urusi, ambayo haikuacha kalenda ya Julius hadi 1918, tarehe yoyote ya karne ya 19 iko nyuma kwa siku 12 ikilinganishwa na kalenda tunayotumia, isipokuwa kabla ya mwisho wa Februari 1800, ambapo tofauti ilikuwa siku 11.

Hata sheria ilipokuwapo, haikutiiwa na kila mtu. Wazazi wa Uingereza hawakuwa na adhabu ya kutosajili kizazi hadi sheria mpya ilipoanza kutumika 1875, na hivyo baadhi ya watoto wa miaka ya 1840 na 1850 hawamo kabisa katika rejista za serikali ilhali wamo katika vitabu vya ubatizo. Kabla ya 1837 tegemeo ni parokia, ambazo ziliamriwa kuweka vitabu tangu 1538. Seremala wetu, aliyezaliwa kabla ya usajili wa serikali, atatafutwa humo.

Usisahau wosia. Huko Uingereza na Wales, tangu Januari 1858, wosia ulithibitishwa na mahakama ya kiraia na kuorodheshwa mwaka kwa mwaka katika faharasa moja ya nchi nzima, wakati kabla ya hapo kazi hiyo ilitawanyika katika mahakama nyingi za kanisa. Watu wasio na mali kubwa pia waliandika wosia, na hati moja ya namna hiyo inaweza kutaja watoto wote, wakwe, na binti aliyehamia ng'ambo.

Hatua ya nne: soma sensa kama shahidi anayeweza kukosea

Sensa ndiyo hati inayompa mtu furaha ya kuiona familia nzima chini ya paa moja, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Kila sensa ilikuwa na maswali yake, na ni lazima uyajue kabla ya kutafsiri majibu. Sensa ya Uingereza ya 1841 iliagiza umri wa watu waliozidi miaka 15 ushushwe hadi kwenye namba inayogawanyika kwa tano, hivyo aliyeandikwa 30 anaweza kuwa na miaka 34, na haikuuliza uhusiano wa wakazi wala parokia waliyozaliwa. Sensa ya 1851 iliuliza yote mawili, na ndiyo maana mtu aliyeishi hadi mwaka huo ni rahisi zaidi kumfuata hata akiwa alizaliwa karne ya 18.

Huko Marekani, sensa kuanzia 1790 hadi 1840 zilitaja jina la mkuu wa kaya tu na kuwahesabu wengine kwa rika. Ya 1850 iliwataja watu huru wote kwa majina, na ya 1880 ikaongeza uhusiano wao na mkuu wa kaya. Karibu sensa yote ya 1890 ilipotea kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921, na pengo hilo la miaka 20 kati ya 1880 na 1900 huziba tu kwa orodha za kodi, vitabu vya anwani za miji na sensa za majimbo pale zilipofanyika.

Kumbuka pia kwamba aliyejibu maswali huenda alikuwa jirani au mtoto. Umri wa wanawake watu wazima mara nyingi haukuongezeka kwa miaka kumi kutoka sensa moja hadi nyingine, na jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Maneno ya undugu nayo yamebadilika maana: katika Kiingereza cha zama hizo, neno ambalo leo linamaanisha mkwe lilitumika pia kwa mtoto wa kambo, na alama ya mkubwa au mdogo iliyofuata jina ilitenganisha wakazi wawili wa kijiji kimoja kwa umri bila kudai kwamba walikuwa baba na mwana.

Hatua ya tano: msome karani

Jina la ukoo katika karne ya 19 lilikuwa sauti kabla ya kuwa tahajia. Mtu asiyejua kusoma alilitamka, karani akaliandika alivyolisikia, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia nne katika maisha yake bila kuwa amelibadili jina hata mara moja. Kwa hiyo tengeneza orodha ya namna zote ambazo jina lako lingeweza kusikika, kisha ongeza zile ambazo lingeweza kusomwa vibaya na aliyelinakili kwa ajili ya faharasa, hasa herufi za mwanzo zinazofanana kwa umbo. Hifadhidata nyingi huruhusu kutafuta kwa sauti badala ya tahajia, lakini baadhi ya mbinu hizo hushika herufi ya kwanza na kutoibadilisha, hivyo kosa la herufi ya kwanza huwa halipatikani. Hapo acha jina la ukoo kabisa na utafute kwa jina la kwanza, umri na parokia.

Hati za Kijerumani za wakati huo huandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza, na vitabu vya Kikatoliki mara nyingi viko kwa Kilatini, majina ya kwanza yakiwa yametafsiriwa. Njia bora ya kujifunza ni kumchagua karani mmoja na kusoma kurasa zake kumi kabla ya kuugusa ukurasa wako, ukinakili namna anavyoandika majina unayoyajua. Daima tafuta picha ya hati yenyewe. Faharasa ni maoni ya mtu mwingine juu ya hati.

Hatua ya sita: mtenganishe na wenzake wa jina moja

Hapa ndipo nasaba nyingi zilizochapwa huanguka. Umepata ubatizo wa 1832 wenye jina sahihi na wilaya sahihi, nawe unataka sana uwe wake. Kabla ya kuukubali, mwue kwanza huyo mtoto: tafuta katika vitabu vya mazishi vya miaka kumi inayofuata uone kama hakufariki utotoni, kwa kuwa vifo vya watoto vilikuwa vingi na wazazi mara nyingi walimpa mtoto aliyefuata jina la marehemu. Halafu tafuta watu wengine wa jina hilo waliozaliwa karibu na hapo ndani ya miaka mitano, na kila mmoja mpe maisha yake, mke wake, kazi yake na kaburi lake. Ukibaki na mmoja asiyekuwa na maisha mengine, unaye. Ukibaki na wawili, bado.

Msaada mkubwa hutoka kwa watu wa pembeni. Mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, mpangaji aliyemo ndani ya nyumba, jirani anayeonekana tena katika mji mwingine baada ya miaka kumi: hao kwa kawaida ni shangazi, wajomba na mashemeji. Wahamiaji hawakutawanyika ovyo bali walifuata waliotangulia, na usipojua babu yako alitoka kijiji gani, chunguza walikotoka majirani zake. Utaratibu wa kutoa majina nao ni dalili. Katika familia nyingi za Scotland na Ireland mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa kwa babu mzaa baba na wa pili kwa babu mzaa mama, lakini hiyo ni dalili tu na haiwezi kusimama peke yake mahali pa hati.

Seremala wetu katika sensa ya 1851 ana miaka 19 na ameandikwa mwana wa mkuu wa kaya. Katika ile ya 1841 yumo nyumbani humo humo akiwa na miaka tisa, lakini karani amempa jina la ukoo tofauti na la mwenye nyumba. Ubatizo chini ya jina linalojulikana haupatikani popote. Chini ya lile jina la 1841 unapatikana mara moja: Machi 1832, mama yupo, baba hakutajwa. Mwaka 1835 mama huyo akaolewa na seremala mwingine, ambaye mtoto alichukua jina lake, akajifunza kazi yake, na alipooa mwenyewe 1856 akamtaja kuwa baba. Hakudanganya kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeiita uongo.

Hatua ya saba: hati zinapokoma

Kuna hati zilizoteketea na kuna watu ambao hati ziliwanyima majina. Moto wa jengo la kumbukumbu mjini Dublin mwaka 1922 uliangamiza sehemu kubwa ya nyaraka za Ireland, na mtafiti hulazimika kutumia badala yake makadirio ya kodi ya ardhi ya 1847 hadi 1864, yanayotaja wakazi shamba kwa shamba. Moto wa Paris wa 1871 uliunguza nakala zote mbili za rejista za mji kabla ya 1860, na sehemu tu ndiyo iliyoandikwa upya. Funzo la kiutendaji ni kuuliza daima kama nakala ya pili ilipelekwa kwa askofu au mahakamani.

Kwa wazao wa waliofanywa watumwa huko Marekani, ukuta ni mwaka 1870, sensa ya kwanza kuwaorodhesha walioachwa huru wote kwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 hutaja mwenye kumiliki, kisha umri na jinsia ya watu wake, kwa kawaida bila majina. Njia ya kupita ni kumtambua mmiliki na kusoma wosia wake, hesabu za mirathi na mikataba ya mauzo, ambamo watu waliandikwa kwa majina pembeni ya bei zao. Inasomeka kwa uchungu, lakini humo ndimo waliokuwa familia huonekana pamoja. Benki iliyofunguliwa 1865 kwa ajili ya walioachwa huru, ikaanguka 1874, iliwauliza wateja wake majina ya wazazi, ndugu na watoto, na rejista zake zimehifadhiwa. Usidhani kwamba jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho: wengine walichukua la mmiliki wa zamani, wengine walilokuwa wakilitumia kimya kimya, na wengine walijichagulia jipya.

Vipimo vya DNA vinafaa kwa swali mahususi, si kwa udadisi wa jumla. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda mwana, njia ile ile inayopitwa na majina mengi ya ukoo ya Ulaya, hivyo wanaume wawili wa jina moja wanaweza kupima kama wana babu mmoja. Kipimo cha kawaida cha jumla hupungua nguvu haraka: watoto wa ndugu wawili hushiriki takribani asilimia 12.5 ya DNA yao, na kwa watu ambao babu zao wa tano kwenda juu ndio waliokuwa ndugu au walio mbali zaidi, mara nyingi hapana kinachoonekana kabisa, ingawa undugu ni wa kweli. Kumbuka pia kwamba jibu linaweza kuwagusa jamaa walio hai ambao hawakuuliza.

Hatua ya nane: sasa jina

Ukiwa na mtu wa kale zaidi, parokia na tahajia ya kale zaidi, uliza kwanza kama familia hiyo ilikuwa na jina la kudumu. Uholanzi watu wengi walikuwa nalo tayari, lakini agizo la Napoleon la 1811 liliwalazimisha waliosalia kusajili. Ufilipino, gavana Clavería aliamuru mwaka 1849 majina yagawiwe kutoka katalogi ya kialfabeti, na ndiyo sababu kuna miji ambayo majina ya familia huanza kwa herufi moja bila undugu wowote. Japani iliwataka wananchi wote wawe na jina la ukoo mwaka 1875, na Uturuki ikapitisha sheria yake 1934. Norway ya vijijini mtu aliitwa kwa jina la babaye pamoja na jina la shamba aliloishi, na akihama shamba, jina hilo la pili lilibadilika. Kulifuata jina la shamba kama ukoo humpeleka mtafiti kwa wapangaji waliotangulia.

Dai kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji katika bandari ya New York, waliwabadili wahamiaji majina halina msingi. Kituo hicho kilifunguliwa 1892, na maofisa wake walifanya kazi kwa orodha za abiria zilizokuwa zimeandaliwa na kampuni za meli. Mabadiliko mengi yalifanywa na wahamiaji wenyewe miaka iliyofuata, kwa kuajiriwa, kwa shule za watoto, au kwa uraia, na hati za uraia ndizo za kuangaliwa.

Baada ya hapo ndipo kamusi za majina zinapofaa, nawe uzisome ukiwa na ramani. Kama maana inayotajwa ni ya mahali, mahali hapo pawe karibu na parokia ya mtu wako wa kale. Kama ni ya kazi, tegemea asili nyingi. Kama jina ni adimu na sensa ya Uingereza ya 1881 inalionyesha limejikusanya katika wilaya moja au mbili, kuna uwezekano mzuri wa chanzo kimoja.

Na kwa seremala wetu, faili linagawanyika. Jina ambalo wajukuu na vitukuu wanalo lilikuwa la baba wa kambo, na asili yake itafutwe katika parokia ya huyo bwana, kwa kuwa aliwapa jina na ufundi. Damu iko chini ya jina la mama na chini ya jina la mtu ambaye padri hakumwandika, na huyo huenda akapatikana katika hati za wasimamizi wa misaada ya maskini, ambao waliwasaka baba wa watoto wa nje ya ndoa ili parokia isibebe gharama, au katika kromosomu Y ya kitukuu wa kiume. Fungua folda mbili, na juu ya kila moja andika tarehe uliyotafuta, kitabu ulichosoma na miaka uliyoipitia, pamoja na yale mabuku ambayo hukuona kitu ndani yake.